Istilahi: Taaluma ya Mawasiliano

Mvua za masika zikisomba daraja, redio hutangaza kwamba mawasiliano ya barabara kati ya wilaya mbili yamekatika. Mtandao wa simu ukipotea, tunasema hakuna mawasiliano. Ndugu wakinuniana mwaka mzima, majirani husema hao hawana mawasiliano. Neno hilohilo tumelifanya pia jina la taaluma inayofundishwa vyuo vikuu, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa: mwanafunzi akisema anasoma mawasiliano, huulizwa kama atakuja kuwa fundi mitambo au mtangazaji.

Tuanze na kitenzi. Wasili, tuliyoipata kwa Waarabu, ni kufika. Imetupa minyambuliko miwili inayotuhusu: wasilisha, yaani kufikisha kitu kwa mwingine, kama mtu anavyowasilisha hoja bungeni, na wasiliana, yaani watu kufikiana. Nomino mawasiliano imetoka kwenye wasiliana. Taaluma yenyewe, kwa sehemu kubwa ya historia yake, ilishughulika zaidi na kuwasilisha.

Marekani, mwaka 1914, walimu wa somo la kuzungumza hadharani walijitoa katika chama cha walimu wa Kiingereza wakaunda chama chao. Leipzig, Ujerumani, mwaka 1916, mwanauchumi Karl Bücher alianzisha taasisi ya elimu ya magazeti. Jukwaa na gazeti vilikuwa na walimu mbalimbali, na havikuwa na jina moja. Vita ndivyo vilivyoleta fedha na haraka. Harold Lasswell alikuwa amekwisha kuchapisha, mwaka 1927, utafiti wake kuhusu propaganda katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vya Pili vilipokuja, Carl Hovland alipimia askari wa Marekani athari za filamu walizoonyeshwa na jeshi. Baadaye Wilbur Schramm alijenga taasisi ya utafiti wa mawasiliano katika Chuo Kikuu cha Illinois, na kwa mkono wake somo likaanza kuwa na idara, shahada na vitabu vyake.

Mwaka 1948 uliikamilisha picha hiyo ya njia moja. Claude Shannon, mtaalamu wa hisabati katika maabara za Bell, alitoa nadharia yake ya kupima habari zinazosafiri kwenye waya. Mwaka huohuo Lasswell akaligawa somo kwa msemaji, ujumbe, njia, mpokeaji na athari. Mpokeaji yuko karibu na mwisho wa mstari, anasubiri kufikiwa.

Utafiti uliolitikisa wazo hilo ulifanywa na Paul Lazarsfeld, mhamiaji kutoka Vienna. Yeye na wenzake waliwafuatilia wapiga kura wa Erie County, jimbo la Ohio, wakati wa uchaguzi wa 1940. Walitafuta nguvu ya redio na magazeti, wakakuta kwamba wengi walisukumwa zaidi na watu waliozungumza nao: jirani, ndugu, mfanyakazi mwenzao anayefuatilia habari. Ujumbe wa redio ulikuwa ukipita kwanza katika mazungumzo.

Tanzania ililitumia jambo hilo kwa upana usio wa kawaida. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilirusha vipindi vya redio, lakini wasikilizaji hawakuachwa peke yao. Waliketi katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kitabu chake. Kipindi kikiisha walijadiliana, kisha wakakubaliana la kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba, kufukia madimbwi. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Kwangu mimi huo ni mfano bora wa kumfundishia mwanafunzi maana ya kuwasiliana kuliko mchoro wowote wa mishale.

Kuna istilahi ya pili inayostahili kutetewa: mawasiliano ya umma, jina la tawi linalohusu redio, magazeti, televisheni na sasa intaneti. Wapo ambao wangependa halaiki badala ya umma, kwa kuwa linakaribia zaidi wazo la kundi kubwa lisilo na sura. Nadhani umma ni bora. Robert Park, aliyekuwa mwandishi wa magazeti kabla ya kuwa mwanasosholojia wa Chicago, aliandika tasnifu yake ya 1904 huko Ujerumani kuhusu tofauti hiyohiyo: umati huvutwa na hisia moja, umma hubishana. Vikundi vya Mtu ni Afya vilikuwa umma.

Linalobaki ni kuacha kuiita taaluma nzima uandishi wa habari. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinayo Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma, na hiyo "na" iliyomo katikati ina kazi. Uandishi wa habari ni kazi yenye ufundi na maadili yake. Taaluma ya mawasiliano huchunguza kazi hiyo, pamoja na hotuba, uvumi, kampeni za afya na mazungumzo ya nyumbani. Wahariri na waandaaji wa mitaala waandike taaluma ya mawasiliano wanapotaja somo, na mawasiliano pekee wanapotaja jambo lenyewe.