Livingstone, Rusizi na mji wa vita vya Musa

Ukitoka Mutanga Sud, mtaa wa Bujumbura, kuelekea magharibi, mwendo mfupi wa gari unakufikisha kwenye tambarare ambapo Rusizi unaingia Ziwa Tanganyika. Mwishoni mwa Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walifika huku kwa mtumbwi kutoka Ujiji. Walitaka kujua kama mto huu unatoka ziwani, maana ungetoka, ungeweza kuwa mmoja wa mizizi ya Nile. Waliukuta unaingia. Wenyeji walikwisha kulisema hilo: mwaka 1858 wana wa chifu Maruta walimweleza Richard Burton huko Uvira.

Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, limechongwa majina ya wageni hao wawili, na kila mtoto wa shule hapa analijua. Kisichosimuliwa sana ni kwamba Livingstone alikuwa akitafuta pia nyayo za Nabii Musa.

Hesabu 12 inasema Miriamu na Haruni walimnung'unikia Musa kwa ajili ya mke wake Mkushi. Alimpata wapi, Biblia haisemi. Flavius Josephus, Myahudi aliyeandika mjini Roma mwishoni mwa karne ya 1, alisimulia kisa kizima: Musa kijana anaongoza jeshi la Farao dhidi ya Waethiopia, yaani Wakushi, anavuka nchi ya nyoka kwa kutanguliza kwarara wanaowala, anauzingira mji wa kifalme wa Saba. Binti mfalme, Tharbis, anampenda na kuusalimisha mji ili aolewe naye. Josephus anasema Cambyses wa Uajemi ndiye aliyeuita mji huo Meroe baadaye.

Livingstone alishika simulizi tofauti kidogo: kwamba Musa alipanda hadi Ethiopia ya ndani pamoja na Merr, mama yake mlezi, akajenga mji na kuuita Meroe kwa jina la mama huyo. Katika shajara yake alikiri kuwa kupata ushahidi wowote wa kuthibitisha Maandiko kungemlipa taabu zake zote. Imani hiyo naiheshimu. Lakini safari yake ilimpeleka kusini: aliagana na Stanley Machi 1872, akaelekea Bangweulu, na akafariki kijijini kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873.

Magofu ya Meroe yalikuwa zaidi ya kilomita 3,000 kaskazini mwa pale, karibu na Shendi, Sudan, wala hayakuwa siri. James Bruce alipita hapo mwaka 1772 akakisia kuwa ndio Meroe. Mfaransa Frédéric Cailliaud alizichora piramidi zake miaka ya 1821 na 1822, Livingstone akiwa bado mtoto huko Scotland.

Mwanaakiolojia John Garstang alianza kuchimba hapo mwaka 1909. Tabaka za kale zaidi za mji huo zinafika karibu karne ya 10 kabla ya Kristo, ilhali wataalamu wengi wanaomweka Musa katika historia humweka karne ya 13. Mji umepatikana, vita vya Musa havijapatikana.

Vita vingine vilipatikana. Mwaka 1910, chini ya ngazi za hekalu moja, Garstang alifukua kichwa cha shaba cha Kaisari Augusto. Kilikuwa nyara ya Wakushi waliozishambulia ngome za Warumi kusini mwa Misri mnamo mwaka 25 kabla ya Kristo, nao walikizika pale ili kila anayeingia hekaluni amkanyage mtawala wa Roma.