Njia Imesonga

Tukifika Mathayo 7:13-14, wengi wetu husikia habari za makatazo: usifanye hiki, usiende kule, maana mlango ni mwembamba. Historia ya maneno yenyewe inatupeleka kwingine.

Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 iliuita mlango huo "strait". Neno hilo lina asili ya Kilatini, nalo lilimaanisha kitu kilichokazwa, kilichobanwa. Baadaye watu wakalichanganya na neno linalotamkwa vilevile lenye maana ya kunyooka, na hadi leo wapo wanaohubiri njia iliyonyooka ambayo Mathayo hakuitaja hapo. Hata "narrow", neno lao la kila siku, katika Kiingereza cha kale lilibeba wembamba na taabu pamoja.

Kigiriki kiko wazi zaidi. Njia hiyo inaelezwa kwa kitenzi cha kubana, ambacho ndicho kilichozaa jina ambalo katika Yohana 16:33 sisi tunalisoma dhiki. Kwa hiyo watafsiri wa Biblia yetu ya Union, ya mwaka 1952, walifanya vema kuandika kwamba njia imesonga. Na dhiki yenyewe tumeipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni wembamba. Luther naye hapo aliandika "Angst", ndugu wa neno la Kijerumani la wembamba.

Mkazi wa Manzese, Tandale au Mbagala hahitaji kamusi kwa hili. Tumepita na majeneza katika vichochoro ambamo wabebaji wawili hawaenei bega kwa bega. Nyumba ikiungua, gari la zimamoto hubaki barabarani. Yesu alisema juu ya wanaobanwa kwa kumfuata yeye. Kichochoro hiki kimebanwa na ukuta uliosogezwa, pengine na muumini ambaye Jumapili anaitikia amina njia nyembamba ikihubiriwa.

Mwaka 1530, akiwa katika ngome ya Coburg, Luther aliandika ufafanuzi wa Zaburi ya 118, akaiita zaburi yake. Katika mstari wa 5, mtu analia kutoka mahali palipobana. Kiebrania kinabeba maana hiyo. Mungu anamjibu kwa kumweka penye nafasi. Ndilo neno wanalotumia wazee wa usharika wanapokwenda kumwomba jirani arudishe ukuta nyuma, jeneza lipate kupita.