Kutoka Kitabu cha Mashauri hadi Waraka wa Sheria: Maandishi ya Baraza katika Nyanda za Juu za Kusini

Neno shauri lina maana tatu katika Kiswahili: nasaha, jambo, na daawa iliyofikishwa mbele ya mwamuzi. Asili yake ni Kiarabu, nalo lahusu kutafuta rai ya mwingine. Wajerumani walipotawala walilichukua hata katika lugha yao wenyewe. Katika maboma yao, na miongoni mwayo boma la Iringa lililoanzishwa na Tom von Prince mwaka 1896, kusikiliza mashauri kulikuwa sehemu ya kazi ya utawala, na lugha ya kazi hiyo ilikuwa Kiswahili.

Waingereza walipoufuata utawala huo, sheria ya mabaraza ya wenyeji ya mwaka 1929 iliyaondoa mabaraza hayo chini ya Mahakama Kuu. Rufaa zilikwenda kwa maofisa wa utawala hadi kwa Gavana, na mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Kwa hiyo kalamu ya sheria ilikuwa mkononi mwa karani. Mbele ya mtwa Uheheni, au malafyale Unyakyusani, watu walisema kwa lugha zao. Karani aliandika kwa Kiswahili. Kila shauri lilikuwa limekwisha kufasiriwa kabla ya wino kukauka.

Ugumu wa kazi hiyo waonekana katika neno moja, mahari. Katika sheria ya Kiislamu, ambamo neno hili lilikomaa pwani, mahari ni mali ya mke mwenyewe. Kwa Wanyakyusa ng'ombe wa ndoa walikwenda kwa baba wa binti, na ndoa ilipovunjika mume aliweza kuwadai. Karani aliyeandika “mdai anataka mahari yake” aliandika Kiswahili sahihi, lakini msomaji wa mbali aliyeijua sheria ya pwani angeweza kudhani kwamba mdai ni mwanamke.

Kitabu cha mashauri kilikuwa na mpango wake: mdai, mdaiwa, madai, majibu, mashahidi, hukumu. Mpango huo ulihifadhi yaliyosemwa na yaliyoamuliwa. Sababu ya kuyaunganisha hayo mawili mara nyingi ilibaki vichwani mwa wazee walioketi barazani. Wao waliijua mila, wala hawakuona haja ya kuambiana wanayoyajua wote.

Mwaka 1963 Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliziunganisha mahakama zote katika ngazi moja. Mahakama za mwanzo ziliendelea kwa Kiswahili, na kumbukumbu za juu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka huohuo mila zilizokusanywa na Hans Cory zilitangazwa kuwa sheria kwa wilaya zilizotajwa. Mila iliyokuwa ikisemwa ikawa kifungu chenye nambari. Tangu hapo haikutosha kuuliza wazee wasemaje. Ilipasa pia kuuliza kifungu chasemaje, na kama chahusu wilaya hiyo.

Maswali hayo ndiyo kazi ya msaidizi wa kisheria, ambaye cheo chake kilitambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sheria hiyo haimruhusu kusimama mahakamani badala ya wakili. Nguvu yake imo katika ushauri na katika waraka wenye sehemu nne: suala, kanuni, ulinganisho na hitimisho.

Uchukuliwe mfano wa mjane wa Rungwe ambaye shemeji zake wanalidai shamba la kijiji alilolima na marehemu. Suala si “mjane atendewe nini?”, bali ni kama mila yaweza kumnyima ardhi hiyo. Chini ya kanuni, msaidizi huweka kila chanzo mahali pake. Monica Wilson, aliyechunguza Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, alieleza kwamba urithi ulipita kwa ndugu wa tumbo moja kabla ya kuwafikia wana. Huo ni ushahidi wa mila, wala si sheria. Tangazo la 1963 lilimnyima mjane fungu ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, yabatilisha mila imnyimayo mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi.

Ulinganisho ndio uliokosekana katika kitabu cha karani. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya aweza kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume. Hukumu hiyo yamsaidia mjane kwa msingi wake wa usawa. Hata hivyo mwanamke yule alirithi kwa baba yake, huyu adai kwa mumewe. Asiyeitaja tofauti hiyo humwachia mpinzani aitaje. Hitimisho halina budi kusema lililo thabiti na lililo na shaka, kwa kuwa mjane ndiye atakayelipia kosa.

Marekebisho ya mwaka 2021 yaliufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, Kiingereza kikiruhusiwa pale haki ihitajipo. Istilahi zilikwisha kukusanywa, kuanzia kitabu cha Weston cha 1968 hadi Kamusi ya Sheria ya 1999. Lililobaki kwa wataalamu wa lugha ni zito zaidi: kutenganisha katika sentensi mila, kanuni na sheria, ili asomaye waraka ajue ni ipi iliyomnyima mtu shamba, na ni ipi imrudishiayo.