Kingamwili za kusaka vipokezi vya dopamini
Dopamini hupeleka ujumbe baina ya seli za ubongo; seli zinazoitengeneza zikifa, huja ugonjwa wa Parkinson. Vipokezi vyake ni 5, D1 hadi D5, na vinafanana kama ndugu, hasa D2 na D3. Ili kuvitambua, watafiti humdunga sungura kipande cha protini ya kipokezi, kisha hutoa kingamwili kwenye damu yake. Shida ni kwamba baadhi ya kingamwili zinazouzwa hushika protini nyingine kabisa. Mimi maandishi ya chupa hayanitoshi. Ninachokiamini ni ubongo wa panya aliyeondolewa jeni ya kipokezi hicho: alama ikionekana hata humo, kingamwili hiyo inadanganya, na utafiti ulioitegemea una shaka.