Mavazi ya masomo na ya kazi: tangu shemisi nyeupe mpaka kravati

Kongo mzima, mwanafunzi anajulikana kwa rangi mbili: shemisi nyeupe juu, pantalo ao jipe ya buluu chini. Faida yake ni kwamba mtoto wa tajiri na wa maskini hawatambulikane kiurahisi. Lakini yule mwenye shemisi moja tu anaifula kila jioni. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi ni kuvaa nguo mbichi ao kubaki nyumbani.

Kwa wanaume, kravati ina historia. Miaka ya 1970, serikali ya Mobutu ilikataza kostime na kravati. Watu wakavaa abacost, jina lenye kutoka kwa Kifaransa, maana yake «kostime chini». Ruhusa ilirudi mwaka 1990.

Leo, mwenye kutetea kazi yake mbele ya juri ya chuo kikuu, ao mwenye kuitwa kwa mahojiano ya kazi, mara nyingi anaazima koti ya ndugu. Si haya. Hata ya caguwa inafaa, kama inamuenea kwa mabega na imepigwa pasi. Kwa mama, kikwembe kilichoshonwa vizuri kinaheshimika vilevile. Mwenye kufika kwa moto abebe kitambaa: vumbi haichague viatu.