Heshima kwa Waliojitolea Ziwani

Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Viktoria tumezoea kuwakumbuka waliokufa majini. Kila mwaka, tarehe 21 Mei, mashada ya maua huwekwa katika makaburi ya Igoma jijini Mwanza, na viongozi wa dini huongoza maombi. Kumbukumbu hiyo ni njema, na inafaa iendelee. Lakini katika misiba ya ziwa letu kumekuwa na kundi jingine pia, la watu waliokwenda kuokoa wenzao bila kutumwa na mtu na bila kulipwa. Hao tumewaheshimu kwa namna gani? Tunauliza kwa sababu vyeti, ngao na tuzo za kumbukumbu zimekuwa jambo la kawaida katika sharika na parokia zetu, na ni vizuri kujua tunatoa nini tunapotoa heshima.

Kujitolea hakukuletwa kwetu na wageni. Katika vijiji vya Usukuma vijana walikuwa na umoja wao, na kiongozi wao aliitwa nsumba ntale. Huyu alichaguliwa na wenzake. Mtu alipohitaji shamba lake lilimwe, au kazi ya kijiji ilipotokea, nsumba ntale ndiye aliyewaita vijana na kuwapanga. Mwenye shamba hakulipa mshahara. Aliandaa chakula, na waliolima wakala pamoja. Kiongozi alikuwa na cheo chake, lakini chakula kilikuwa cha kila aliyeshika jembe. Wazee wetu walijua kumheshimu kiongozi bila kuwasahau wengine.

Asubuhi ya Jumanne, 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza kutoka Bukoba. Inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 800 walikufa, na taifa likaomboleza siku tatu. Karibu kila ukoo wa pande hizi una mtu aliyempoteza siku ile, au unamjua aliyempoteza. Wengi waliopatikana walizikwa Igoma, na mnara wa kumbukumbu ukasimamishwa pale. Tukienda leo tunawataja marehemu, kama inavyostahili. Waliowavuta manusura kutoka majini hatuwataji sana, na kadiri miaka inavyopita, wanaoweza kutuambia majina yao wanapungua.

Miaka 22 baadaye, Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kwenda Bwisya katika kisiwa cha Ukara. Kilijengwa kubeba watu 101, lakini siku ile kilibeba wengi kupita kiasi. Kilipinduka karibu kabisa na gati, watu wa nchi kavu wakitazama. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Wenyeji ndio waliokuwa karibu, nao waliingia majini na mitumbwi yao kabla msaada wa mbali haujafika. Usiku ulipoingia walikuwa bado wanawatafuta ndugu zao.

Kilichofuata kisiwani Ukara kinatufundisha jambo. Watanzania walichanga rambirambi, na sehemu ya fedha hizo ikatumika kupanua Kituo cha Afya cha Bwisya. Mtu wa Ukara aliyetaka matibabu makubwa ilimlazimu kuvuka maji, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa yamewameza ndugu zake. Majengo yale ni kumbukumbu inayofanya kazi. Mama anayejifungulia pale anahudumiwa kwa sababu ya watu waliokufa kabla mtoto wake hajazaliwa, hata kama hajui jina la mmoja wao.

Tarehe 6 Novemba 2022 zamu ilikuwa ya upande wa magharibi wa ziwa. Ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilianguka majini karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba. Watu 19 walikufa, 24 wakapona. Wavuvi waliwahi kufika, na mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, akajulikana nchi nzima. Siku iliyofuata, katika uwanja wa Kaitaba palipoagwa miili ya marehemu, alitambuliwa mbele ya watu na kupewa shilingi milioni 1. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza pia kwamba apewe nafasi ya kufunzwa na kuajiriwa katika jeshi la zimamoto na uokoaji.

Tutazame tuzo hiyo kwa makini. Shilingi milioni 1 ni shukrani, nayo hutumika ikaisha. Nafasi ya mafunzo ni shukrani ya aina nyingine, kwa kuwa inampa aliyeokoa uwezo wa kuokoa tena. Hapo heshima ilifanya kazi yake vizuri. Lakini kijana yule hakuwa mvuvi pekee aliyekwenda kwenye ndege ile, na taifa lilishika jina moja. Mezani pa nsumba ntale wangekula wote.

Nchi nyingine zimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Uingereza ina chama cha mashua za uokoaji kilichoanzishwa mwaka 1824, na wengi wa waokoaji wake hadi leo ni watu wa kujitolea. Tangu mwanzo chama hicho kimewatunuku medali waliohatarisha maisha yao. Hata hivyo hakiishii kwenye medali. Kinanunua mashua, kinajenga vituo na kufundisha mabaharia wake. Medali inasema asante kwa jana, na mashua inamwandaa mtu kwa ajili ya kesho.

Wapo ndugu wanaoona tuzo hazifai kanisani, kwa sababu Bwana alitufundisha kutoa sadaka kwa siri na kutopiga tarumbeta. Neno hilo ni la kweli, nalo linamhusu atoaye. Aliyepokea msaada ana wajibu wake pia, yaani kushukuru. Katika Matendo ya Mitume sura ya 9, Dorkasi alipokufa, hakujisifu yeye wala wazee hawakumsomea hotuba. Wajane walisimama wakilia, wakamwonyesha Petro nguo alizowashonea. Ushahidi ulitoka kwa waliohudumiwa. Tena, katika Injili ya Mathayo, Bwana alisema tendo la mwanamke aliyempaka marhamu kule Bethania litasimuliwa kwa kumbukumbu yake, ingawa Mathayo hakuandika jina lake. Mungu anawajua waliojitolea bila kuandikwa. Lakini sisi tunaoweza kuyapata majina yao tukiuliza, hatuna udhuru wa kuyaacha.

Basi, usharika unaotaka kuanzisha tuzo ya kumbukumbu uwatafute kwanza wazee wa mialoni na visiwani wanaokumbuka mwaka 1996 na 2018, uandike majina ya waokoaji wakiwa bado hai, na uwaite wote, si mmoja aliyepigwa picha. Waliookolewa ndio wapewe nafasi ya kusema. Na fedha ambayo ingenunua ngao ya kung'aa igawanywe, nusu inunue jaketi okozi kwa mitumbwi ya mwalo ule, au iwalipie vijana wachache kujifunza kuogelea na kutoa huduma ya kwanza. Wavuvi wetu wengi huingia majini kila usiku bila jaketi hata moja. Siku chombo kingine kitakapopinduka, wao ndio watakaofika kwanza, na heshima tuliyowapa itaonekana katika vile walivyovaa.