Mkataba na Meza Iliyouzaa



Wako wanaodhani kwamba mkataba ni kazi ya kalamu. Historia ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, karibu na Mbarara, yatufundisha vingine: mkataba huchukua sura ya majadiliano yaliyouzaa.

Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya mwaka 1959 walipokewa Nakivale, wakalea watoto wao huko. Mwaka 1982 Wanyarwanda wengi wa Ankole walifukuzwa majumbani mwao, wakasukumwa makambini au mpakani. Watoto wa wakimbizi wa aina hiyo ndio walioijaza FPR, nayo ikavuka mpaka kwa silaha tarehe 1 Oktoba 1990.

Julai 1992 pande mbili zilikutana Arusha, Tanzania ikiwa msuluhishi. Juu ya wakimbizi zilipeana na kupokeana. Itifaki ya Juni 1993 ilikubali kwamba kila mkimbizi ana haki ya kurudi. Ila aliyeondoka zaidi ya miaka 10 iliyopita asidai shamba lililokwisha kukaliwa na mwingine, bali serikali impe ardhi nyingine. Kila upande uliacha kitu, kila upande ukapata kitu.

Juu ya jeshi mambo yalikuwa mengine. Februari 1993 FPR ilishambulia, na serikali ikarudi mezani ikiwa dhaifu. FPR ikapewa asilimia 40 ya askari na nusu ya uongozi wa jeshi. Waliopoteza vyeo walibaki na kinyongo. Chama cha CDR, chenye siasa kali za ukabila, hakikuwa na kiti mezani. Naye Rais Habyarimana, ambaye wajumbe wa serikali yake ndio waliokuwa wakijadiliana, alikwisha kuziita hati za Arusha karatasi tu, Novemba 1992.

Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 4 Agosti 1993. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yakaanza. Hakuna kasoro ya mkataba iwezayo kuhalalisha unyama ule. Waliotenda ndio wenye hatia. Lakini mkataba ulikosa walinzi miongoni mwa wenye bunduki.

Ndugu askari, ninyi ndio mwitwao kulinda mapatano, yawe ya nchi mbili au ya mfugaji na mkulima wanaogombea maji. Kabla ya kuuliza nani ametia sahihi, ulizeni nani aliketi, nani aliachwa nje, na nani alikubali kwa kuwa ameelekezewa mtutu. Hapo ndipo mtakapojua mapatano yatadumu au hayatadumu.